Kumzoeza Mtoto Mdogo Choo na Kazi Ndogo za Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri ilipotuletea barua kutuomba tuseme maneno machache katika mkutano huu, tulidhani tungepewa habari za karo, au za mfuko wa maziko, au za akiba, kama walivyopewa wenzetu waliotutangulia miaka iliyopita. Tulipoifungua tuliona tumetakiwa kusema juu ya watoto wadogo, wale wa mwaka mmoja hadi mitatu, na hasa juu ya kuwazoeza choo. Hatutaficha kwamba tulicheka. Mwenzetu wa nyumbani hakucheka. Alisema, "Nenda ukawaeleze yaliyotupata, maana hakuna pale asiye na mtoto au mjukuu." Basi tumekuja kwa amri yake zaidi kuliko kwa amri ya Halmashauri, na twawaomba wazee watuwie radhi, kwa kuwa neno hili haliwezi kuelezwa bila ya kutaja mambo ambayo kwa desturi yetu hayatajwi mbele ya wakwe.

Wengi wenu mwajua tukaako. Ni Likoni, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja na choo kimoja cha shimo. Kazi yetu ni ukarani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na mwenzetu huuza vitambaa upande wa kisiwani. Wote wawili hatuna budi kuvuka kwa feri kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wala haturudi mpaka jua linakuchwa. Mtoto huachwa na yaya. Hali hii si yetu peke yetu. Tukihesabu nyumba za wanachama walioketi hapa tutaona nyingi zimo katika hali hiyo hiyo.

Kijana wetu wa pili alipotimiza miaka miwili na miezi mitatu, tuliona wakati umefika wa kuacha nepi. Sababu zetu zilikuwa mbili, na zote mbili zilikuwa sababu zetu sisi, si zake yeye. Kwanza, nepi zilikuwa zikila fedha kila wiki. Pili, tuliambiwa kwamba shule ya chekechea iliyo karibu haipokei mtoto asiyejua kwenda haja mwenyewe, nasi tulitaka kumwandikisha mapema. Tukamwambia yaya, "Mwezi huu mtoto huyu aache nepi." Hatukumwambia kwa njia gani. Naye alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, aliyelelewa kwa fimbo, na ambaye hakuna mtu aliyepata kumweleza kuwa iko njia nyingine.

Alifanya alivyojua. Mtoto alipojikojolea alipigwa mapajani. Alipokataa kuchutama juu ya tundu la choo aliambiwa kwamba ndani ya shimo mna zimwi, na kwamba zimwi hilo huwameza watoto wakaidi. Fikirini, ndugu zangu: mtoto mfupi kuliko ndoo ya maji, katika chumba cha giza chenye mbu na harufu, amesimamishwa juu ya tundu ambalo mwili wake waweza kupita mzima, kisha aambiwe kwamba chini yake yuko amlaye. Tungekuwa sisi, tungechutama?

Mtoto akaacha kwenda haja kubwa. Siku mbili, siku tatu, siku nne. Tulimwona akijificha nyuma ya mlango, amesimama juu ya vidole vya miguu, amebana mapaja, jasho likimtoka, tukadhani anasukuma. Hakuwa akisukuma, alikuwa akizuia. Baadaye nguo zake zikaanza kuchafuka kidogo kidogo kutwa nzima, akapigwa kwa ajili ya uchafu huo. Nasi pia, twasema haya kwa aibu, tulimpiga Jumapili moja mbele ya wageni, kwa kuwa tuliona ametutia haya. Hakulia sana. Alitutazama tu. Wiki iliyofuata tumbo lilikuwa gumu kama ubao, akakataa uji hata maziwa, tukampeleka zahanati.

Tabibu alimlaza, akalibonyeza tumbo taratibu, akatuuliza mtoto anazoezwa choo kwa njia gani. Tulipomweleza, alitufahamisha jambo ambalo twaomba kila mzazi aliye hapa alishike. Mtoto akipata maumivu au hofu wakati wa kwenda haja, huzuia. Akizuia, kinyesi hukaa matumboni, hukauka, huwa kigumu. Akienda baadaye hupata maumivu makubwa zaidi, na kwa hiyo huzidi kuzuia. Utumbo hutanuka hata hisia ya kujaa ikapungua, na kile chepesi kilichobaki hupita kandokando ya kile kigumu kikatoka chenyewe bila ya mtoto kujua. Ule uchafu tuliompigia haukuwa uvivu wala ukaidi. Ulikuwa ni ugonjwa, nao ulianzia katika fimbo na zimwi letu. "Mtoto huyu hana ukaidi," alisema, "ana hofu."

Dawa ilikuwa ya kulainisha choo, nayo ilitumiwa kwa miezi, si kwa siku, kwani utumbo uliotanuka huchukua muda kurudi katika hali yake. Tuliambiwa tuongeze maji, mapapai, mboga na maharagwe. Tumketishe kwa dakika chache baada ya kula, wakati ambapo tumbo lenyewe huamka. Miguu yake ikanyage kitu kigumu isining'inie. Na fimbo isionekane kabisa. Tulirudia nepi bila ya kuona haya. Ilitupasa kungoja miezi mitano mpaka alipoacha kujificha nyuma ya mlango. Yaya hatukumfukuza. Tuliketi naye tukamwambia kwamba kosa lilikuwa letu, akalia, na tangu siku ile yeye ndiye mwalimu bora wa watoto katika ua wetu.

Sasa tuseme kidogo juu ya mwili wenyewe, maana kabla ya shida ile tulikuwa hatujui lolote. Mtoto mchanga hujisaidia bila ya kukusudia. Kibofu kinapojaa hujimwaga chenyewe. Baadaye hisia ya kujaa huanza kufika akilini, na baadaye zaidi mtoto hupata uwezo wa kujizuia mpaka afike mahali panapofaa. Uwezo huo hauji kwa watoto wote kwa umri mmoja. Kwa walio wengi dalili zake huonekana baina ya mwezi wa 18 na mwezi wa 30, na wako wazima kabisa wanaochelewa kupita hapo. Dalili ni hizi: anatembea vizuri na kuchutama na kuinuka bila kuanguka, hukaa mkavu muda wa saa mbili hivi, anaelewa neno rahisi kama "lete kiatu", huonyesha kwamba hapendi nguo iliyolowa, na hujaribu kushusha suruali mwenyewe. Asiyekuwa na dalili hizi, fimbo haitamletea.

Tulipokuwa tukiyasema haya uani kwa majivuno ya mtu aliyetoka kufundishwa jana, bibi mmoja jirani yetu, Mdigo wa upande wa Kwale, alitucheka sana. Tulikuwa tumemwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akajibu, "Marahaba, mwanangu. Nyinyi watu wa ofisini mwangojea mtoto aote ndevu ndipo mumfundishe kukojoa?" Tukamwambia kwamba tabibu ndiye aliyetuagiza kungoja. Akasema, "Na huyo tabibu mwenyewe alilelewa na nani?" Kisha akaketi chini, akainyoosha miguu yake, akampakata kitukuu chake wa miezi mitatu katikati ya miguu, mgongo wa mtoto ukiegemea tumbo lake, akatoa sauti ndogo ya "shuu". Haikupita dakika, mtoto akakojoa mchangani. Bibi akambusu, akamrudisha kwa mama yake anyonye. Sisi tuliokuwa na mtoto wa miaka miwili na nusu katika nepi tulinyamaza kimya.

Tulidhani ni mazoea ya bibi yule peke yake, mpaka tulipopata kusoma kwamba wataalamu wawili, Marten deVries na Rachel deVries, walikwisha kuandika juu ya Wadigo wa pwani yetu katika jarida la madaktari wa watoto la Marekani mwaka 1977. Walieleza kwamba mama wa Kidigo huanza kumzoeza mtoto katika wiki za mwanzo kabisa za maisha yake. Humpakata kama tulivyoona, hutoa sauti ile ile kila mara, mchana na usiku, na mtoto anapokojoa hutuzwa kwa kunyonyeshwa au kwa kubembelezwa. Kwa haja kubwa huwekwa namna nyingine, akielekea uso wa mama na kuegemezwa juu ya miguu yake. Kufikia umri wa miezi 5 au 6 mama hutazamia kwamba mtoto hatalowesha ovyo, si mchana si usiku. Madaktari wa ng'ambo walistaajabu, kwa sababu wao walikuwa wakiamini ya kwamba jambo hilo haliwezekani kabla ya mwaka mmoja na nusu.

Nao walikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Mwaka 1962 daktari mmoja wa huko, T. Berry Brazelton, alitoa habari za watoto 1,170 aliowaangalia katika Cambridge, jimbo la Massachusetts, kwa muda wa miaka kumi. Aliwashauri wazazi wasimlazimishe mtoto, wampe poti yake mwenyewe, aikalie kwanza akiwa amevaa nguo zake kama mtu akaliaye kiti, kisha waende hatua kwa hatua kadiri mtoto anavyopenda. Kwa wastani watoto hao waliweza kukaa wakavu mchana walipokuwa na umri wa miezi 28 na nusu. Alikuwa akiupinga mtindo wa zamani wa kwao wenyewe, maana katika miaka ya 1930 vitabu vya ulezi vya serikali ya Marekani viliwahimiza akina mama waanze katika miezi ya mwanzo, kwa kufuata saa ya ukutani. Huko nako kulianzwa mapema kama kwa bibi wa Kwale, ila bibi hafuati saa. Hufuata uso wa mtoto.

Je, ni nani asemaye kweli, bibi au daktari? Kwa maoni yetu ni wote wawili, kwa kuwa hawasemi juu ya jambo moja. Mtoto wa bibi hajui kwenda chooni. Anajua kwamba akiwekwa mahali fulani na kusikia sauti fulani ni wakati wa kujisaidia, na mama anajua dalili za uso wake. Wawili hao wameelewana. Mtoto wa daktari ameelewa kazi nzima peke yake: kuhisi, kuacha mchezo, kutembea, kuvua, kuketi, kujipangusa, kuvaa, kunawa. La kwanza lataka mtu mzima aliye karibu na mtoto usiku na mchana. La pili lataka miaka. Mwanachama ambaye mama yake mzazi yuko nyumbani na ana nguvu, na afuate njia ya bibi, atapunguza gharama za nepi na kazi ya kufua. Sisi tuondokao alfajiri hatuna haki ya kumdai mtoto matunda ya kazi ambayo hatukuifanya. Na wako wasemao, "Wazee wetu walituzoeza mapema, tena kwa kiboko." Twawajibu kwamba katika njia ile ya Wadigo hamna kiboko hata kimoja, mna ziwa la mama.

Mtoto wetu wa tatu tulimwendea kwa njia iliyo katikati. Yaya alikuwa akimketisha penye poti kila aamkapo na kila baada ya kula, tangu alipoweza kuketi imara, bila ya kumshika kwa nguvu na bila ya kuzidisha dakika tano. Akijisaidia alisifiwa kwa maneno mawili matatu. Asipojisaidia aliinuliwa bila neno. Nguo yake ya chini ilikuwa kaptula yenye mpira kiunoni, si suruali ya vifungo na mkanda. Jambo hili laonekana dogo, lakini twawaomba akina baba mjaribu kufungua vifungo vitatu na mkanda huku mmebanwa na haja, kisha mseme kama mtoto ana kosa. Ajali zilikuwepo nyingi. Alipougua homa alisahau yote. Mama yake alipokwenda matangani bara kwa wiki mbili alisahau tena. Hatukuhesabu hayo kuwa ni kurudi nyuma kwa tabia. Mtoto akipata mshtuko, akipata ndugu mpya, au akihamishwa nyumba, jambo la mwisho alilojifunza ndilo linalotoka la kwanza.

Sasa tuje kwa lile shimo, ambalo ndilo lililotufanya tukubali kusimama hapa.

Vyoo vyetu vimechimbwa kwa kipimo cha mtu mzima. Mwezi wa Januari mwaka 2014, huko Limpopo katika Afrika Kusini, mtoto wa miaka 5 alitumbukia katika choo cha shimo shuleni kwake akafa. Kesi yake iliendelea mahakamani kwa miaka. Tulipozisoma habari zake tulikwenda tukapima tundu la uani kwetu, tukaona kwamba watoto wanne wa nyumba yetu wangeweza kupita. Hofu ya kijana wetu, basi, haikuwa upuuzi. Zimwi halikuwamo, lakini shimo lilikuwamo.

Tulimwendea mwenye nyumba, akasema kwamba choo hicho kimetumika miaka ishirini na hakuna aliyeanguka. Hatukubishana naye. Tulikwenda kwa seremala, akatutengenezea kifuniko cha mbao nzito chenye mpini, cha kufunika tundu wakati wote lisipotumika, ambacho mtoto hawezi kukiinua. Na kando yake kiti kidogo cha ubao, kifupi, kilichokaa imara juu ya tundu, chenye nafasi ya sentimita 12 tu. Wapangaji sita tulichangiana. Mmoja alisema kwamba yeye hana mtoto, lakini alitoa. Tulipaka chokaa kuta za ndani ili mwanga uzidi, na jioni taa ndogo huachwa mlangoni. Mtoto wa miaka miwili asiende peke yake hata hivyo. Mkono wa mtu mzima uwe karibu. Kwa mtoto aliye mdogo zaidi poti yatosha, nayo humwagwa chooni.

Twasema "humwagwa chooni" kwa kukazia. Wako miongoni mwetu wanaoamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara, nao hukitupa nyuma ya nyumba au jalalani pamoja na nepi. Neno hilo si kweli. Kinyesi cha mtoto chaweza kubeba magonjwa kama cha mtu mzima, na mara nyingi zaidi, kwa sababu watoto ndio wanaochezea mchanga na kutia vidole kinywani. Mayai ya mchango huweza kuishi udongoni kwa miaka. Minyoo ya safura hukaa katika udongo wenye unyevu ikaingia mwilini kwa kupenya ngozi ya wayo wa mtu asiyevaa viatu, ikanyonya damu matumboni, mtoto akawa mweupe na mzito wa kujifunza, kisha mwalimu akasema ni mvivu. Kwa hiyo kinyesi kiende shimoni, na mikono inawiwe kwa sabuni. Asiye na sabuni atumie jivu. Penye shida ya bomba, kibuyu chirizi chatosha. Ni mtungi wa plastiki wa lita 5 uliotobolewa tundu dogo, umening'inizwa kwa kamba juu ya mti, na kamba nyingine yashuka mpaka kwenye kijiti kinachokanyagwa kwa mguu. Ukikanyaga, maji huchirizika, ukiachia, hukoma. Watoto hukipenda hata hulazimika kukatazwa, maana hunawa mara kumi kwa ajili ya mchezo.

Na hapo ndipo tulipojifunza kwamba choo ni mlango tu wa mambo mengine. Mtoto aliyeweza kukanyaga kile kijiti alitaka pia kumimina maji yake, kuvaa viatu vyake, kubeba sahani yake. Bibi zetu walilijua hili. Mtoto wa shamba alipewa kibuyu kidogo akafuatana na mama mtoni, akapewa jembe dogo, akapewa kuku wa kuangalia. Kibuyu kile hakikuongeza maji mengi nyumbani, kiliongeza mtu. Sisi wa mjini tumeyaondoa hayo yote, tukamwacha mtoto mbele ya televisheni na kumlisha kwa kijiko hata miaka minne, kisha twashangaa kwamba hajui kufunga kiatu.

Daktari Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto wadogo mtaa wa San Lorenzo katika mji wa Roma tarehe 6 Januari 1907. Watoto wale walikuwa watoto wa vibarua walioachwa nyumbani kutwa wazazi wakiwa kazini, wakichafua ngazi na kuta. Tofauti yao na watoto wa Likoni si kubwa. Siku moja aliwafundisha namna ya kupenga kamasi kwa leso bila ya kelele na bila ya kujionyesha. Walimtazama kwa utulivu mkubwa, na alipomaliza wakampigia makofi. Alistaajabu, kisha akafahamu. Watoto wale walikuwa wamekaripiwa maisha yao yote kwa sababu ya pua zao, lakini hakuna aliyekaa nao akawaonyesha polepole jinsi ya kufanya. Tulipoyasoma haya tulikumbuka ile Jumapili ya wageni.

Kwa hiyo mwonyesheni mtoto polepole, kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Mpeni kikombe kidogo kisichovunjika, na maji kidogo, amimine. Akimwaga, mpeni kitambaa apanguse, asipewe kofi. Shati lianze kuvaliwa kitandani, limelazwa kifudifudi, aingize kichwa. Kazi hizi hula muda, nasi tulio na haraka ya feri hatuna muda wa asubuhi. Tumeona afadhali kumwamsha robo saa mapema kuliko kumvisha kwa kumvuta mikono. Nyumba haitakuwa safi kama ya wageni. Basi na isiwe, kwa mwaka mmoja au miwili.

Juu ya usiku twataka kusema neno kwa uzito. Kukaa mkavu usiku huja baada ya mchana, wakati mwingine baada ya miaka. Katika watoto 100 wenye umri wa miaka 5, wapatao 15 bado hulowesha kitanda, na aghalabu mzazi mmoja alikuwa hivyo hivyo utotoni, ingawa hasemi. Mtoto aliyelala hajui anachokifanya, na mwili wake utakomaa wenyewe. Sisi tuliokulia bara twakumbuka kikojozi alivyobebeshwa ngozi yake au godoro lake akatembezwa mbele ya nyumba, watoto wenzake wakimwimbia. Twamkumbuka mmoja kwa jina lake, ambaye baadaye alikataa shule ya bweni, akakosa nafasi aliyoipata kwa akili zake, kwa sababu ya hofu ya kitanda tu. Hatutamtaja. Tandikeni karatasi ya plastiki chini ya shuka, mwamsheni aende haja kabla yenu kulala, na asubuhi mbadilishieni shuka bila ya hotuba. Lakini mtoto aliyekuwa mkavu kwa miezi mingi akaanza ghafula kulowesha tena, au anayelia akikojoa, au anayekunywa maji kupita kiasi na kukonda, apelekwe hospitali upesi, maana huo waweza kuwa ugonjwa.

Wako watakaouliza kama sheria inahusika. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya kukingwa na ukatili wa kila namna na adhabu zisizo za kibinadamu. Hatudhani waandishi wake walikuwa wakifikiri juu ya kaptula iliyolowa, lakini hatuoni kwa nini kaptula iliyolowa iwe nje ya maneno hayo.

Kwa akina baba twaongeza moja. Katika ua wetu mwanamume aliyeonekana akimwaga poti alichekwa. Sisi tulichekwa mwezi mmoja. Mwezi wa pili jirani mmoja alikuja usiku kuuliza seremala wetu yuko wapi, na sasa poti humwagwa na wanaume watatu, tena mchana kweupe.

Bwana Mwenyekiti, tunalo ombi moja kwa Halmashauri. Yule seremala amekubali kutengeneza vifuniko na viti vidogo kwa bei ya chini ikiwa vitaagizwa kumi pamoja. Twaomba Chama kitoe fedha za kwanza kutoka mfuko wa ustawi, na wanachama wazirudishe kwa miezi mitatu. Tumeweka daftari juu ya meza ya Mweka Hazina. Atakaye kifuniko na aandike jina lake, mtaa wake, na upana wa tundu la choo chake kwa sentimita. Na asiyelipima bado, kamba ya kupimia iko hapo hapo, aichukue akapime leo kabla ya giza, airudishe kesho.